Chokaa ya Bi Mkubwa

Wanaodhani kazi ya filamu ni miwani ya jua na kupigwa picha hawajamwona Masikio akiwa kazini. Siku hiyo alikuwa amejikunja chini ya meza yake mwenyewe, ndani ya chumba chake mwenyewe, ameshika fimbo ndefu yenye maiki nchani, na mguu mmoja umekufa ganzi. Karibu na meza mwigizaji alikuwa analia. Masikio hakuweza kumwona. Alimsikia tu kwenye hedifoni, kila pumzi na kila kwikwi, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kwenye filamu hii: kukamata sauti. Jina la Masikio alipewa na wenzake wa kazini, likamganda.

"Kata," alisema mwongozaji, binti mwembamba aliyependa kukaa chini hata palipokuwa na viti. "Nimeipenda. Sauti?"

"Kuna cherehani," Masikio alijibu kutoka chini ya meza.

Wote wakatazama mlango. Nje kidogo, kwenye ujia wa nyumba, mume wa Masikio alikuwa anashona. Huyu kila mtu alimwita Fundi, na tangu wahamie mji huu suruali iliyokuwa chini ya sindano ndiyo ilikuwa nguo yake ya kwanza ya maana. Kabla ya hapo watu walimletea zipu za mabegi tu. Masikio akatambaa akatoka, akamwendea huku anachechemea.

"Mume wangu, nivumilie kidogo."

"Nilidhani mmemaliza."

"Bado kidogo tu."

"Mwenyewe anaitaka kesho asubuhi."

"Najua. Samahani."

Fundi akaondoa mguu kwenye pedali, akaweka mikono mapajani. Suruali ya mtu wa kweli ingoje machozi ya kuigiza. Hakusema hivyo, maana alikuwa mtu wa kumeza maneno, lakini uso haukumeza kitu, na mama yake aliyekaa kwenye mkeka pembeni aliusoma wote.

"Kwetu ni mume anayemwambia mke anyamaze," alisema Bi Mkubwa, huku amegeukia upande mwingine. "Huku naona mambo yamepinduliwa."

"Mama," Fundi alisema.

"Nimesema na nani? Nimesema na mguu wangu."

Mguu huo ulikuwa na habari zake. Ulikuwa umevimba goti, na ndio uliofanya Bi Mkubwa asiweze kuachwa peke yake mji wa nyumbani, Masikio alipoitwa huku kurekodi sauti za filamu. Ilikuwa filamu ya vijana wasio na tajiri nyuma yao. Kamera ya kuazima, taa za kuazima, na ahadi moja: tukielewana kwenye hii, na inayofuata ni yako. Fundi alifunga kibanda chake akamfuata mkewe, na Bi Mkubwa akafuata mwanawe, lakini alikuja na nauli ya kurudia ameifunga fundo kwenye ncha ya mtandio. Aliwaonyesha tangu siku ya kwanza. "Hii siigusi hata kwa njaa. Siku mji wenu ukinishinda, sitamsumbua mtu."

Fundi naye alimwambia mkewe wazi, bila hasira, jinsi mtu anavyosema kwamba kunaelekea kunyesha. "Mama akirudi, nami narudi. Hawezi kusafiri peke yake, wala kuishi peke yake."

Kwa hiyo Masikio alijua. Kila mara Bi Mkubwa alipoligusa lile fundo, yeye ndoa yake iliguswa.

*

Kilichowaleta watu wa filamu kwenye vyumba vyao viwili ni ukuta. Nyumba iliyokuwa imekubaliwa mwanzo, mwenyewe alighairi dakika za mwisho, na mwongozaji akawa anazunguka na uso wa mtu aliyefiwa. Akapita kwa Masikio kunywa chai. Kikombe kikamgandia mkononi. Alikuwa anautazama ukuta wa nyuma ya meza.

Ukuta wenyewe ulikuwa na madoa ya unyevu yaliyopanda kutoka sakafuni, masizi mahali ambapo mpangaji fulani wa zamani aliweka jiko, na mstari mrefu wa mafuta ya vichwa vya watu waliowahi kuegemea pale, miaka nenda miaka rudi. Masikio alishausugua mara mbili tangu wahamie, akashindwa, akasalimu amri.

Mwongozaji akampigia simu mpiga picha. Akaja mbio, kijana mmoja mkubwa ambaye mlango ulimpitisha kwa shida, naye akasimama pale akatabasamu kama aliyeletewa chakula.

"Uangalie uchafu huu," mwongozaji alisema. "Ungemlipa mtu akutengenezee, asingeweza."

"Utadhani humu hajawahi kuishi mwanamke," alisema mpiga picha.

Wakacheka kwa furaha. Ilikuwa furaha ya kweli, wala hapakuwa na dharau ndani yake. Filamu yao ilikuwa ya mama aliyekaa nyumba moja maisha yake yote, anaambiwa ahame, na ukuta ule ulikuwa unalieleza hilo bila mtu kufungua mdomo. Masikio naye alicheka, kwa sababu alielewa. Lakini nyuma ya pazia lililogawa chumba, Bi Mkubwa alikuwa amelala kunyoosha goti, macho wazi, na yeye hakuna aliyekumbuka kumweleza kitu.

"Lakini una uhakika?" mwongozaji alimuuliza Masikio. "Nyumba yenye watu ina hatari zake. Mtu akisogeza kitu, tumeumia."

"Mama yupo siku zote. Atailinda."

Ndiyo hiyo nyumba iliyokuwa na cherehani mlangoni na mtu wa sauti chini ya meza. Jioni ya siku ile ya machozi, watu wakikunja nyaya, mwongozaji alitoa amri yake ya mwisho. Filamu hupigwa vipande vipande, alieleza, na kipande cha leo lazima kifanane na cha kesho, la sivyo mtazamaji atamwona mama yule yule analia mara mbili katika nyumba mbili. Asubuhi wangekwenda kupiga picha za njiani. Mchana wangerudi hapa kumalizia machozi, kwa mbali na kwa karibu, kisha kamera irudi kwa mwenyewe.

"Kwa hiyo, Mama, kisiguswe kitu. Kikombe kibaki hapo kilipo. Kiti kibaki. Hata kijiko."

"Nimesikia," alisema Bi Mkubwa. Kisha akauliza, "Hizi picha zitaonwa na watu wengi?"

"Tukijaliwa, Mama, hata nchi za mbali."

"Na watajua hapa ni kwa nani?"

Mwongozaji akafurahi kuulizwa. "Watajua. Mwishoni tunaandika majina. Tutamshukuru Masikio kwa jina lake kamili, kwa kutupa nyumba yake."

Bi Mkubwa akanyamaza. Kwa mtu wa maneno yake, kimya kile kingemshtua yeyote, lakini kila mmoja alikuwa anatafuta mfuniko wa kitu fulani.

*

Asubuhi Masikio alivaa viatu vya kutembelea, akabeba begi lake la vifaa, akamwinamia Bi Mkubwa.

"Mama, shikamoo. Tunakuachia nyumba."

"Marahaba. Nenda salama. Umekunywa chai?"

"Nitakunywa huko."

"Utakunywa huko," Bi Mkubwa alirudia, kwa sauti ya mtu anayeongeza kosa jingine kwenye makosa ya zamani. "Ndiyo maana umekonda kama hiyo fimbo yako."

Fundi naye alitoka baadaye, suruali imekunjwa vizuri mkononi, kumpelekea mwenyewe ng'ambo ya pili ya mji. Nyumba ikabaki na mtu mmoja.

Bi Mkubwa alikaa akautazama ule ukuta. Alimwona mwanamke wa nchi ya mbali asiyemjua, ameketi na watoto wake, anautazama huo huo. Alimwona anasonya. Kisha jina linatokea pale mwishoni, jina kamili la mke wa mwanawe, na yule mwanamke anaguna na kusema, kumbe ndiye huyu. Bi Mkubwa alikuwa na orodha ndefu ya kasoro za mkwe wake na aliitunza vizuri. Kuchelewa kurudi kulikuwamo. Chai ya kunywea huko ilikuwamo. Uchafu haukuwamo. Mara mbili alimwona kwa macho yake ameupigia magoti ukuta huu kwa brashi na sabuni, hadi vidole vikachubuka.

Akalivuta fundo la mtandio. Lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno.

Dukani alikwenda polepole, akipumzika kwenye kila ngazi ya kila mlango. Akanunua chokaa, brashi pana, na mche wa sabuni.

"Una fundi wa kukupakia, Mama?" aliuliza muuza duka.

"Ninaye. Huyu unayemwona."

Alirudi, akajifunga mtandio kiunoni, akaanza. Amri aliyopewa aliitii yote. Kikombe hakukigusa. Kijiko hakukigusa. Kiti alikizunguka, na pale kilipokaribiana na ukuta alipitisha brashi kwa nyuma yake, kwa adabu, kisitikisike. Meza aliifunika kwa gazeti isirukiwe, kisha akaliondoa gazeti kwa vidole viwili. Ukuta si kitu cha kusogezwa, kwa hiyo ukuta haukuwamo kwenye amri. Juu hakufika, maana goti lilikataa kupanda kiti, na kiti chenyewe kilikuwa kimekatazwa. Alipaka mpaka mkono ulipoishia. Goti lilimwuma mpaka akaona nyota, naye alijisikia mwepesi kuliko siku yoyote tangu aingie mji huu.

*

Harufu iliwapokea mlangoni. Mpiga picha aliyetangulia alisimama ghafla, na wote nyuma yake wakagongana.

Chini, ukuta ulikuwa mweupe pee, bado unang'aa kwa maji. Juu, masizi na madoa yalikuwa pale pale. Katikati ulipita mstari wa kupindapinda, kimo cha mkono wa bibi kizee mfupi.

Mwigizaji, ambaye alikuwa tayari amevaa nguo za kulilia, akajifunika mdomo. Mwongozaji akashuka taratibu mpaka akakaa sakafuni.

Bi Mkubwa akatoka nyuma ya pazia. Alikuwa ameoga na kubadili nguo, lakini nyusi zilikuwa bado nyeupe.

"Karibuni," alisema. "Sikugusa kitu. Kikombe kile pale."

"Mama," Masikio alisema.

Mwongozaji akasimama, akamwita Masikio nje kwenye ujia. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali.

"Nilikuuliza kama una uhakika."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia kuna mtu wa kuilinda."

"Nilisema hivyo."

"Kamera inaondoka leo jioni. Machozi ya jana sina cha kuyaunganisha nayo." Akavua miwani akaifuta kwa shati. "Nipe muda nifikiri. Na wewe fikiri pia. Hawa wenzangu wataniuliza kwa nini nikuchukue kwenye filamu ijayo, na mimi sasa hivi sina jibu."

Mwigizaji na mpiga picha walikuwa wanasikia. Jirani aliyekuwa anaanika nguo alikuwa anasikia. Masikio alisimama pale, mwanamke mzima, amekunja mikono nyuma kama mwanafunzi, akasema ndiyo, nimekuelewa. Kisha akaingia ndani na ile aibu yote kifuani, na aliyemkuta ni Bi Mkubwa.

"Mama, kama ulitaka kurudi, ungesema," alisema. "Tungekusindikiza kwa heshima. Hukuwa na haja ya kunivunjia kazi."

Ulimi hauna mfupa. Neno lilipotoka alitamani alirudishe, lakini lilikuwa limeshafika.

Bi Mkubwa alimtazama kwa muda. Kisha akageuka, akaingia nyuma ya pazia, na Masikio, ambaye masikio yake hayakumwacha hata alipotaka, akasikia zipu ya begi.

Fundi alirudi akiwa na uso mzuri. Suruali ilikuwa imempendeza mwenyewe, akaagizwa nyingine. Aliwakuta watu wa filamu wamekaa ujiani kama wagonjwa kwenye foleni, akawasalimu, akapita. Ndani alimkuta mama yake amesimama na begi, mkewe amekaa kitini, hedifoni shingoni, machozi yanamshuka bila sauti.

"Nisindikize stendi," alisema Bi Mkubwa.

"Kuna nini?"

"Hakuna. Mji umenishinda."

Fundi akautazama ukuta. Alishona nguo za watu maisha yake yote, akijua mwili ulipo kwa kutazama kitambaa tu. Akautazama mstari ule, akazitazama nyusi za mama yake, akaelewa nani, ila hakuelewa kwa nini.

"Mke wangu," alisema taratibu.

"Nenda naye," Masikio alisema. "Nimemwambia neno baya. Hawezi kwenda peke yake. Nenda."

"Na wewe?"

"Mimi hata sijui kama nina kazi."

Fundi alikuwa amesimama katikati ya watu wawili aliowapenda, na chumba kilikuwa kidogo mno asiweze kumkwepa yeyote. Mwishowe akalichukua begi. Lilikuwa jepesi, na wepesi wake ulimwuma.

"Basi, Mama. Nipe nauli yako, niongeze na yangu nikate tiketi."

"Nauli?"

"Ile ya mtandioni."

Bi Mkubwa akaushika mtandio, akaupapasa, kama vile na yeye ndiyo kwanza anakumbuka. Kisha akaonyesha kwa kidevu.

"Si ile pale. Nimeshaipaka."

Masikio akaugeukia ukuta.

"Uliinunulia chokaa?" Masikio aliuliza.

"Ungetaka ninunulie nini? Nilisikia wanacheka. Wanasema uchafu, uchafu, utadhani humu hajaishi mwanamke. Halafu yule binti anasema jina lako litaandikwa, lisomwe mpaka nchi za mbali." Akamwelekea Masikio. "Mimi nakusema. Nakusema asubuhi na jioni, nalijua hilo. Lakini nakusema humu ndani, tukiwa sisi. Sasa dunia nzima ikuseme, tena kwa uchafu, wewe uliyechubuka vidole hapa? Na mimi nipo hai, nina mikono, nakaa natazama?"

Masikio alitoka kitini akapiga magoti. Akaegemeza kichwa kwenye paja la Bi Mkubwa, upande wa mguu mzima.

"Nisamehe, Mama. Sikujua."

"Hukujua, na mimi sikujua. Lakini lile neno limeniuma."

"Najua."

"Usilirudie."

"Silirudii."

Fundi akaliweka begi chini.

Mlangoni palikuwa pamejaa watu, maana nyumba ile haikuwa na mahali pa kusikia nusu. Mpiga picha aliingia kwa ubavu, kichwa chini.

"Mama, mimi ndiye niliyesema maneno yale."

"Nakujua kwa sauti," alisema Bi Mkubwa. "Mwili kama ghala, na maneno ya kuokota."

"Nilikuwa nausifu ukuta, Mama. Kwetu, tukisema uchafu wa namna ile, tunasifu."

"Basi mjifunze kusifu."

Mwongozaji alicheka kabla hajaweza kujizuia, kisha naye akaja akachutama mbele ya Bi Mkubwa. "Kosa ni langu. Nilikaa siku nzima nyumbani kwako, nikakueleza kuhusu kijiko, nisikueleze kuhusu ukuta. Nilidhani kila mtu anauona ninavyouona mimi."

"Nani angeuona hivyo?" Bi Mkubwa aliuliza. Lilikuwa swali la kweli.

*

Kuchafua ni kazi. Nani angetegemea? Chokaa ilikuwa haijakauka, ikanywa kila walichoipa, lakini ikanywa inavyotaka yenyewe. Mpiga picha alichemsha chai nzito bila sukari akaipaka kwa sponji, ukuta ukawa wa njano. Mwigizaji alijaribu udongo, ukatoka kama ukuta umepata ukurutu. Fundi ndiye aliyekwenda kwenye pasi yake ya mkaa, akakusanya majivu na masizi, akayachekecha kwa kipande cha bitana, wakawa wanayapuliza kwa viganja. Masikio alishika simu yenye picha za jana, anawaelekeza, kushoto, panda kidogo, hapo, na yeye mwenyewe akawa mweusi mpaka viwiko.

Bi Mkubwa alikuwa amepewa kiti kile kile kilichokatazwa, akakaa ameupa ukuta mgongo.

"Sitaki kuona," alisema. "Mkimaliza mniambie. Hapana, msiniambie."

"Mama, hapa bado peupe," Fundi alimtania. "Uje utusaidie."

"Mwanangu, nimekuzaa mimi. Usinijaribu."

Haukufanana. Mwongozaji alisimama mbali, akasogea, akafumba jicho moja, na hakujidanganya. Ile picha pana aliyoipenda, mama aliyeonekana mdogo chini ya ukuta mkubwa, haikuwa na mwenzake wa kuunganisha nayo, na akaifuta kwenye mpango wake huku anauma mdomo. Ilibaki kupiga karibu, uso wa mwigizaji uzibe palipokataa kufanana. Wakapiga hivyo. Mwigizaji alilia vizuri kuliko jana, na walipomwuliza alisema hakuigiza sana. Nje, cherehani ilikaa kimya bila mtu kuombwa.

Jua lilipokuwa linaondoka dirishani, mwongozaji alikaa sakafuni karibu na Masikio.

"Nimepoteza picha yangu nzuri kuliko zote," alisema.

"Naijua. Nilikuwa chini yake."

"Wiki ijayo tuna kikao cha filamu ya pili. Njoo na masikio yako." Akafikiri kidogo. "Nyumba tutatafuta ya mtu mwingine."

Masikio akaitikia kwa kichwa.

Kilibaki kitu kimoja. Watu wa sauti hawaondoki mahali kabla hawajarekodi kimya chake. Kila chumba kina kimya chake, na filamu inahitaji hicho hicho cha kujaza kati ya maneno, la sivyo mtazamaji atahisi kama amezibwa masikio ghafla. Kwa hiyo wote hubaki pale pale walipo, wasitikisike, mpaka mtu wa sauti aseme imetosha. Kwa muda huo mwongozaji hana amri.

"Kila mtu asimame alipo," Masikio alisema. "Hakuna kusema, hakuna kukohoa. Mume wangu, hapo hapo mlangoni. Mama, na wewe."

"Na mimi?"

"Na wewe. Uko ndani ya chumba."

Bi Mkubwa akasimama kando yake, wima, mikono imenyooka, kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Masikio akavaa hedifoni, akainua fimbo, akafumba macho.

Alisikia pumzi nzito ya mpiga picha, puani. Alisikia tone la maji kwenye ndoo ya chokaa. Alimsikia mumewe mlangoni, ambaye angemtambua kwa pumzi kati ya watu elfu. Alisikia goti la Bi Mkubwa likilia kidogo lilipobadilishiwa uzito.

Kisha akasikia mkwaruzo laini, karibu sana, unaokwenda na kurudi. Akafumbua macho. Bi Mkubwa alikuwa ameilowesha ncha ya mtandio kwa mate na anamfuta masizi shavuni, midomo ameibana kwa bidii ya kutopiga kelele.

Masikio hakusogea. Aliacha mashine iendelee, na mkwaruzo ule ukaendelea kuingia, na alipoona kimya kimetosha akaongeza kingine kidogo.

"Basi," alisema.

Watu wakapumua. Mwongozaji akainua kichwa. "Nimesikia kitu kinakwaruza. Turudie?"

"Hapana," Masikio alisema. "Ni sauti ya nyumba hii. Iache."

Bi Mkubwa akamshika kidevu, akamgeuza uso upande wa dirisha, akaanza shavu la pili.